Jani Juu ya Vyuma vya Lakurut

Diwani Leontina Sirapi alikuwa anamenya magimbi nyuma ya jiko lake wakati Jenita, muuza popoo wa njia panda, alipotokea mbio, sketi imelowa maji ya mto mpaka magotini na mdomo umejaa mate mekundu ya popoo, maana hata muda wa kutema hakuupata.

"Dada Leo! Vyuma vinaondoka!"

"Vyuma gani?"

"Vyuma gani tena, dada! Vya daraja letu! Dereva wa halmashauri kanunua popoo kwangu sasa hivi. Anasema kesho wanakuja na lori la winchi. Vinapelekwa Belik pwani, kwa mwenyekiti wa halmashauri, vikajengee gati."

Leontina akabaki na kisu hewani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, na kata nzima ilijua kwamba akipiga kelele hana neno, akinyamaza ndiyo kakasirika. Sasa alinyamaza.

Hebu niambieni nyinyi mnaonisikiliza: daraja la watu wote linageukaje kuwa gati la mtu mmoja?

Mto Lakurut wakati wa kiangazi hauna makuu. Watoto wa ng'ambo wanavuka kwenda shule maji yakiwa magotini, wanarushiana mawe, wanachelewa, wanachapwa, basi. Lakini mvua ikianza kule milimani, mto unabeba magogo mazima. Daraja lilikuwepo zamani kidogo. Halmashauri ililijenga kwa mbao mbichi, mwenyekiti Gerard Tamlik akaja kukata utepe, akapigwa picha, akala, akaondoka. Likasombwa msimu ule ule. Kilichobaki ni bango, bango kubwa la bati lenye uso wa Tamlik anacheka meno yote nje, na maandishi: DARAJA HILI NI MATUNDA YA UONGOZI BORA. Daraja lilisimamishwa juu ya nguzo za miti, bango likachimbiwa kwa zege! Mpaka leo lipo pale ukingoni, upande wa mjini, linawachekea watu wanaovua viatu.

Msimu uliofuata, mto ukamchukua Klera, mjukuu wa Leontina, wa darasa la tatu. Alikuwa anarudi nyumbani, madaftari kayafunga kichwani kwa kitambaa yasilowe. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Tamlik alikuja msibani na mama yake mzazi, Bibi Orpa, kwa sababu kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mambo mazito hayaendei peke yake. Alilia, nawaambia, alilia mpaka kamasi. Akashika jeneza kwa mkono wa kulia, akaapa mbele ya mama yake na mbele ya wafiwa kwamba mvua hazitarudi kabla daraja la chuma halijasimama Lakurut. Na kweli, vyuma vililetwa. Vikashushwa ukingoni, upande ule wa bango, kwenye ardhi ya ukoo wa kina Leontina, watu wakapiga makofi. Vikalala hapo kiangazi kizima, majani yakaota katikati yake, mafundi hawakuonekana. Na sasa mvua zinanukia, ndiyo wanakuja kuvibeba!

Mchana ule ule Leontina alivuka mto, akadandia lori la nazi kavu, akaingia ofisini kwa mwenyekiti na sketi yake mbichi.

"Mama diwani! Karibu, karibu," akasema Tamlik, yuko chini ya feni, shati jeupe limenyooka. "Mbona umekuja na matope?"

"Nimevuka mto, mheshimiwa. Au hujui kuna mto?"

Makarani wakacheka, kisha wakajifanya wanakohoa.

"Mama, tusianze hivyo. Keti kwanza."

"Siketi. Vyuma vyetu vinakwenda wapi?"

"Vya halmashauri, mama. Si vyenu." Tamlik akachukua kalamu, akaanza kuichezea. "Meli za watalii zinataka kutia nanga kwenye wilaya yetu. Wazungu watashuka, watanunua vinyago, watakula kamba wetu, kila kata itafaidika, na ya kwako imo. Lakini bila gati hawashuki."

"Watashuka Belik. Ulikojenga nyumba."

"Belik ndiyo yenye kina kirefu. Mungu kaumba hivyo, utanilaumu mimi?"

"Na kiapo chako?"

"Kiapo gani?"

"Cha kwenye jeneza la Klera."

Tamlik akatazama dirishani. Hata haya hakuona. "Msibani watu husema mengi, mama," akasema. "Ni uchungu ule."

Uchungu ule! Eti uchungu! Mwenye uchungu hasa alikuwa amesimama mbele yake anatiririsha maji sakafuni, wala hakuwahi kusema neno ambalo hakulitimiza. Leontina aliutazama ule mkono unaochezea kalamu, akaukumbuka ulivyokuwa juu ya jeneza, akatamani kuuchapa kwa kisigino cha ndara.

"Wewe ni diwani wa serikali," Tamlik akaendelea. "Kama una malalamiko, andika."

"Nimeandika mpaka mkono umeota sugu."

"Andika tena."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema peke yake juu ya magunia ya nazi. "Andika tena! Aka! Andika tena, mjinga yule, mtu mzima hovyo!" Dereva akaongeza mwendo tu, afike amshushe.

Tatizo ni kwamba Leontina alijua la kufanya, na hakupenda kulifanya. Kwetu mtu akiona ardhi yake au mali inachezewa, anakwenda porini, anakata gorgor, lile jani refu la tangawizi mwitu, analifunga juu ya kitu kinachogombaniwa. Likishafungwa, hapaguswi mpaka wenye ugomvi wakae chini na nguruwe achinjwe. Hukumu ya mahakama utaikatia rufaa. Gorgor huikatii rufaa. Na Leontina, tangu awe diwani, ndiye aliyekuwa anazunguka kuwafokea watu waliofunga gorgor kwenye geti la shule na mlango wa zahanati. "Tuna vikao!" alikuwa akiwaambia. "Tuna sheria! Acheni mambo ya kufungafunga!" Walikuwa wakimsikiliza, maana wanamheshimu. Sasa angewatazama vipi?

Akawatazama hivyo hivyo. Asubuhi na mapema alikata shina la gorgor, akavuka nalo mto, maji magotini, binti yake Anisia, mama wa Klera, akimfuata nyuma kimya kimya. Akalifunga juu ya vyuma, fundo la kukaza, mbele ya watu waliokuwa wanapita.

"Haa! Diwani kafunga!" Jenita akapiga kelele. "Si ulisema tuna vikao, dada?"

"Nimetoka kwenye kikao, Jenita. Nyamaza uuze popoo."

Lori la winchi likafika jua limeshapanda, lina dereva na vijana wa kupakia. Wakashuka wakiimba. Wakaliona lile jani, wimbo ukakatika. Dereva akazima injini.

"Mama, hilo ni la kwako?"

"La kwangu, na la mama yangu, na la mama yake."

"Basi sisi hatujafika hapa," akasema dereva. Wakaenda kukaa kivulini kwa bango, wakatafuna popoo, Jenita akafanya biashara ambayo hajawahi kuifanya wiki nzima.

Mwenyekiti akaja mwenyewe na landkruza, vumbi mtindo mmoja.

"Mnangoja nini?"

Vijana wakaonyesha kwa midomo.

"Majani! Mnaogopa majani? Watu wa simu na intaneti nyinyi, mnaogopa chakula cha mbuzi!" Akavipanda vile vyuma na viatu vyake vya ngozi, akalikamata jani, akaling'oa, akalitupa mtoni.

Watu wote wakaguna kwa pamoja. Hata Leontina, na hasira zake zote, alimwonea huruma kidogo. Si kwamba Tamlik hakujua. Alizaliwa hapa, alinyonya hapa. Mtoto wa chekechea anajua kwamba anayeng'oa gorgor ya watu amewatukana watu, na deni la tusi hilo hukaa juu ya ukoo wa mama yake. Lakini mtu akikaa sana chini ya feni, husahau yeye ni mtoto wa nani.

"Pakieni!"

"Bosi, winchi imekufa," akasema dereva.

"Imekufa lini?"

"Sasa hivi."

"Kesho," Tamlik akasema, kidole kinamwelekea Leontina, "kesho nakuja na lori jingine na polisi. Na udiwani wako tutauangalia."

"Uangalie vizuri," Leontina akamjibu. "Uko kwa hao wanaovulia viatu chini ya bango lako."

Usiku mvua ikanyesha milimani. Asubuhi Lakurut ilikuwa imepanda mpaka mapajani, rangi ya chai ya maziwa, na watoto wa ng'ambo wakaambiwa na mama zao wakae nyumbani. Tamlik alifika kama alivyosema, na polisi mmoja aliyekuwa anatazama ardhi muda wote, na lori la kukodi. Winchi ilikuwa imeshaanza kushusha mnyororo watu walipoanza kunyoosha mikono kuelekea ng'ambo.

Bibi Orpa alikuwa anavuka. Alikuwa akiishi upande ule, Sumuna, kwenye ardhi ya ukoo wake, na mwanawe alizoea kumtembelea kwa boti kupitia baharini, hana habari na mto. Mbele yake wajukuu wanne walikuwa wamebeba nguruwe dume kwenye mti, nguruwe mkubwa mpaka mti umepinda. Bibi mwenyewe alikuwa ameshika bega la wa mwisho, kikapu kichwani, maji yanamvuta.

"Mama!" Tamlik akakimbilia majini, viatu na vyote. "Mama, unafanya nini! Maji haya yangekusomba!"

Bibi Orpa akamtazama, anahema. "Kumbe unajua yanasomba," akasema.

Hakumpa mkono. Alipanda ukingoni, akaamuru nguruwe alazwe miguuni pa Leontina. "Mwanangu diwani," akasema, "mwanangu mimi aliwatukana. Tusi hilo ni letu. Tunalilipa."

Leontina akainama, akamgusa nguruwe mgongoni. Na kwa mila, kwa kugusa kule, tusi likafutika. Tamlik akashusha pumzi, mpaka tabasamu la kwenye bango likaanza kumrudia.

"Ahsante, mama. Mambo yamekwisha, jamani. Haya, pakieni."

"Ngoja," akasema Bibi Orpa.

Akateremsha kikapu chake. Akatoa popoo, akatoa kichupa cha chokaa, akatoa kitambaa, na chini kabisa akatoa gorgor, mbichi, bado ina udongo wa Sumuna.

"Diwani, ardhi ni yenu. Nipe ruhusa."

"Umepewa, mama," akasema Leontina.

Bibi akalifunga lile jani juu ya vyuma. Anisia akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Fundo lilichukua muda mpaka likakaza.

"Mama, unanifanyia nini mbele ya watu?" Tamlik akanong'ona.

"Na wewe uliapa mbele ya nani? Si mbele ya watu? Mimi sikuwepo?" Sasa bibi alikuwa anasema kwa nguvu. "Nguruwe yule nimemfuga kwa ajili ya matanga yangu mwenyewe, Gerard. Nilikuwa namlisha kila siku nikijua siku nitakayokufa sitaaibika. Leo nimemtoa kulipia mkono wako. Sasa mimi nikifa watu watakula nini? Watakula gati?"

Jenita akaangua kicheko, akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa, maana ukingo mzima ulishaanza kucheka. Polisi aligeuka kuutazama mto.

"Ling'oe," bibi akasema. "La jana lilikuwa la diwani, ulikuwa hodari. Hili ni la mama yako. Ling'oe."

Tamlik hakusogea. Dereva wa lori la kukodi akapandisha mnyororo wake taratibu, bila kuambiwa.

Anisia akatandika kanga juu ya vyuma, bibi akaketi, miguu yake iliyolowa haifiki chini. Kule milimani radi ikapiga, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la bango.

"Mama, mvua inakuja," Tamlik akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ofisini. "Twende nyumbani."

"Nyumbani ni ng'ambo," akasema Bibi Orpa. "Nivushe."

Tamlik akatazama mto. Ulikuwa umepanda tena hapo hapo walipokuwa wanabishana, gogo zima likapita likibingirika, na wale wajukuu waliobeba nguruwe wakarudi nyuma hatua kadhaa. Akamtazama Anisia, ambaye hakuwa amesema neno siku zote mbili, na Anisia akamtazama yeye, mpaka mwenyekiti akainamisha macho.

Mwishowe Tamlik akatoa simu. Leontina alimsikia anamuuliza mtu upande wa pili mafundi wa daraja wanaweza kufika lini, na Bibi Orpa, pale juu ya vyuma, akamwambia apaze sauti, mto unapiga kelele, huyo mtu hamsikii.