Gitaa la Kwenye Kioo

Cherehani ya Pindo ilitazama ukuta. Miguu yake ilipigiliwa misumari sakafuni tangu enzi za babu, na babu hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini. Pindo, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu alianza kazi kwa kushona mapindo ya suruali, alikaa pale miaka kumi na mmoja, barabara mgongoni, chokaa puani. Usimwambie habari za jela. Huko angalau watu hutolewa nje kuota jua.

Mlangoni, kwenye meza ya kukatia, alikaa baba yake, Fundi Shoto. Jina hilo alipewa na mtaa mzima, maana alikata kwa mkono wa kushoto, kwa mkasi ambao mtu mwingine akiushika unatafuna kitambaa tu. Kutoka nje lazima umpite, na ukimpita lazima useme unakwenda wapi.

Dirisha la Pindo lilikuwa kioo cha wateja, pale ukutani kando ya cherehani. Kiliinama upande. Mteja akijaribu suruali alijiona bega moja na nusu ya barabara.

"Fundi, nyoosha kioo chako bwana, nimekuja kutazama suruali, sijaja kutazama magari!"

"Kioo hakiguswi," Fundi Shoto alijibu, kila mara, bila kuinua macho.

Ndani ya kioo hicho ndimo Pindo alimoliona gitaa. Lilining'inia kwenye msumari katika duka la vitu vikuukuu ng'ambo ya barabara, rangi ya chai ya rangi, na kibao cheusi kando ya tundu lake, upande wa kulia. Alilipenda mpaka akaona aibu. Ndani ya mfuko wa koti lililoletwa kutiwa bitana alikuta kijitabu chenye picha za vidole, akakificha, na baba akiinamia meza yeye alibana vidole vya kushoto juu ya rula ya mbao. Miaka minne alipiga rula. Kuvuka barabara akalitazame ana kwa ana hakuthubutu.

Siku baba alipokwenda kununua bitana, Pindo alivuka mbio, akiba yake mkononi. Mwenye duka alifurahi kupita kiasi.

"Chukua, mwanangu, chukua! Ila likishatoka hapa halirudi."

Alirudi nalo ndani ya mfuko wa suti, akajifungia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akalipakata. Kibao cheusi kikatazama dari badala ya sakafu. Nyuzi nene zilikuwa chini, nyembamba juu, kinyume cha picha za kijitabu. Akaligeuza, nyuzi zikakaa sawa, lakini sasa mikono ndiyo haikujua kazi yake. Mtu ambaye kwa kupapasa tu anajua vifungo vya koti vinakaa upande gani alisahau kwamba kioo kinageuza kulia kuwa kushoto! Gitaa la mtu wa shoto. Ndiyo maana halikununuliwa miaka yote hiyo. Pindo alilia, tena kwa sauti.

Pazia likafunguliwa. Baba alikuwa amerudi mapema, bitana begani.

Hakufoka. Aliweka mzigo chini, akalichukua gitaa, na kibao cheusi kikaenda mahali pake. Mkono wa kushoto ukapita juu ya nyuzi, ukakosea, ukarudia, ukatoa kipande kifupi cha wimbo.

"Babu yako aliliuza hapo ng'ambo," alisema, "wiki niliyokalishwa kwenye hiyo cherehani. Nilikuwa nageuka geuka kulitazama. Ndipo akaigeuzia ukutani, akaipigilia misumari."

"Na kioo, baba?"

"Kioo nilikiinamisha mimi."

Alimrudishia gitaa. "Hamisha nyuzi. Si kazi kubwa. Liwe lako."

Pindo alichukua koleo, akaulegeza uzi wa kwanza nusu mzunguko. Baba alikuwa amemgeuzia mgongo, anapanga bitana iliyokwishapangika. Pindo akaukaza uzi tena, ubaki wa mkono wa shoto, akalirudisha gitaa mfukoni, akalitundika kati ya suti za watu.

Alirudi kukaa, pua kwenye ukuta. Kiooni, ng'ambo, ulibaki msumari mtupu. Na huku mlangoni alimwona baba yake, mkasi umesimama katikati ya kitambaa, akiutazama msumari huohuo.