Sentensi Aliyoiruka

Zuleha alikuwa mpiga taipu wa chuo kimoja cha wahudumu wa afya, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kila ugonjwa uliofundishwa pale ulipita kwanza mikononi mwake. Walimu walileta masomo yao yameandikwa kwa mkono, yeye akayapiga kwenye stensili, mashine ikarudufu nakala arobaini. Wanafunzi waliyasoma wafaulu mtihani. Zuleha aliyaugua.

"Wiki ya ini uliumwa ini," Bi Mwajabu wa meza ya pili alimtania. "Ya figo, figo. Mwenzetu unaumwa kwa ratiba! Omba wasifundishe mimba ya mapacha."

Zuleha alicheka, mkono ukiwa nyuma ya shingo. Maumivu haya hayakufuata ratiba. Yalikaa kati ya mabega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, yakimchoma tangu asubuhi hadi jioni, na sasa yalikuwa na wiki ya saba. Kuomba ruhusa ya hospitali aliogopa: ulikuwa mwaka wa kupunguza watumishi, na ilisemekana wenye vyeti vya ugonjwa ndio watakaotangulia. Kukaa bila kupimwa aliogopa zaidi. Akawa kama mbuzi aliyenasa kwenye ua wa miiba: akienda mbele anachomwa, akirudi nyuma anachomwa.

Kisha likaja somo la kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tangu siku hiyo binti yake Adija, wa miaka miwili, alihamishiwa chumba cha bibi yake. Zuleha alitenga kikombe chake na sahani yake. Mtoto akinyoosha mikono abebwe, mama alikumbuka ghafla kwamba kuna maji ya kuchota.

Jumatatu mwalimu William, aliyeandika somo lile, aliingia ofisini na karatasi mbili mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Zuleha, ukurasa wa tatu sentensi yangu moja haimo."

"Labda nilipitiwa, mwalimu."

Akaisoma kwa sauti: "'Maumivu ya mgongo yasiyokoma kwa majuma sita yachunguzwe, hata kama mgonjwa hakohoi.' Hiyo ndiyo niliyoitungia swali. Darasa zima limelikosa!"

Zuleha aliinamia mashine. Chozi likaangukia stensili.

"Mwalimu, huyu anaumwa mgongo," alisema Bi Mwajabu. "Hakupitiwa. Ameikimbia."

William alivuta kiti. Alimuuliza kuhusu homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, ganzi ya miguu. Hakuna. Akamgonga mifupa ya uti wa mgongo kwa kifundo cha kidole, mmoja baada ya mwingine, juu ya gauni. Haukuuma hata mmoja. Kisha akabonyeza nyama iliyo kando ya bega, na Zuleha akapiga kelele.

"Mfupa umenyamaza, nyama ndiyo inayolia," alisema. "Meza hii iko juu mno kwako, unapiga taipu umepandisha mabega kama kunguru aliyenyeshewa. Lakini nitakuandikia picha ya eksirei, ukapigwe Jumamosi, siyo siku ya kazi."

"Na kama ni mapema mno, picha isionyeshe?"

William akaguna. "Hilo nalo niliandika mimi. Ukurasa wa nne. Hilo hukuliruka!"

Bi Mwajabu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaenda kabatini akaleta mafaili ya zamani, akayapanga juu ya kiti cha Zuleha ili akae juu zaidi. Zuleha akapiga stensili upya, na ile sentensi akaipiga herufi moja moja, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga mawe.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameshaanza kujiuliza kama mwalimu aligonga mfupa wenyewe. Labda alikosea kwa kidole kimoja. Labda gauni lilizuia. Jumamosi ilikuwa mbali, na hata hiyo ikifika, atajiuliza kama picha ni yake au ya mwingine.

Adija alikuwa uani na bibi yake. Zuleha alinyoosha mikono.

"Njoo, mama. Njoo nikubebe."

Mtoto akamtazama, akajificha ndani ya kanga ya bibi.

"Umemzoesha hivyo," bibi alisema, bila ukali.

 Zuleha alichuchumaa, akageuza mgongo, akainama kama mama anayemsubiri mtoto apande. Nyuma yake mtoto alibaki ndani ya kanga. Kati ya mabega kulianza kuchoma. Zuleha hakuinuka.