Sura Ileile, Tumbo Jipya

Wauzaji wa magari wamenichosha. Kila baada ya miaka miwili wanabadilisha taa za mbele, wanaweka bampa nene kidogo, halafu wanabandika tangazo: kizazi kipya. Kizazi kipya kitu gani? Nimefanya ufundi miaka thelathini na moja na jibu langu ni lilelile. Gari ni la kizazi kipya pale chini yake panapobadilika: fremu, mikono inayoshika magurudumu, umbali kati ya tairi na tairi. Hayo mengine ni vipodozi.

Ndiyo maana gereji yetu ina sheria moja tu, na niliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo: LALA CHINI KWANZA. Modeli ikiingia kwa mara ya kwanza, mtu anatandika boksi, analala chali chini ya gari, anapima, kisha anaandika vipimo ukutani kwa chaki. Kabla ya hapo hakuna kuagiza kifaa wala kufunga. Ukuta mzima umejaa. Anayefunga kwa kuangalia sura anavua ovaroli na kwenda zake.

Mdogo wangu aliondoka hivyo, miaka minne iliyopita. Gereji tuliifungua pamoja, baba mmoja mama mmoja, na nikamfukuza mbele ya wateja. Alikuwa amefunga breki za modeli ya zamani kwenye gari jipya. Alipotoka kulijaribu halikusimama, likagonga ukuta wa shule. Bahati nzuri ilikuwa Jumapili. Tangu siku ile hatujasemezana. Binti yake alibaki kwangu, fundi mzuri kuliko sisi wote wawili. Ananiita Baba Mkubwa, ananitengea chai, na habari za baba yake hanitajii hata kwa bahati mbaya. Ukimya wake huo nao umenichosha.

Sasa niseme nilichofanya, maana hakuna atakayenisemea.

Jumatatu mkunga alileta gari lake. Mtaa mzima unamjua. Nusu ya watoto wanaopita mbele ya gereji yetu wamepita mikononi mwake. Gari lilikuwa linagonga mbele, upande wa kushoto. Nikalitazama. Taa zilezile, milango ileile, mpaka ule mkunjo wa boneti.

"Fundi, hili wameniambia ni kizazi kipya," mkunga akasema.

"Wamekuuzia jina, Mama. Hili nimelifungua mara mia."

Goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu Ijumaa. Kulala chini naweza. Kuinuka ndiyo shughuli. Boksi lilikuwa pale limeegemezwa ukutani, nikaliona, nikaangalia pembeni kama mtu aliyekutana na jirani aliyemkosea. Nikaagiza boljointi mbili, yaani vile vifundo vinavyoshika magurudumu ya mbele, kwa vipimo vya modeli ya zamani. Jumanne asubuhi binti alikuwa ametoka kwenda kwa mteja aliyekwama njiani. Nikavuta kigoda, nikafunga ya kushoto nikiwa nimekaa. Ya kulia ilikuwa nzima, kwa hiyo kifaa cha pili nikakiweka kwenye rafu. Nati ilikaza vizuri. Saa nne mkunga akaondoka, anakwenda kwa mwanawe aliyekaribia kujifungua, upande wa pili wa mlima.

Binti alirudi saa tano kasoro. Hawezi kupita kwenye meza chafu bila kuisafisha, na hapo ndipo alipokiokota kile kifundo kibovu nilichokuwa nimekitoa.

"Baba Mkubwa, hiki kimetoka kwenye gari gani?"

"La mkunga."

"Na ulichofunga ni mwenzake wa hiki kilichopo kwenye rafu?"

"Huyo huyo."

Akaviweka sambamba mezani. Akachukua kipimo, akabana pini ya kwanza, akabana ya pili, akarudia.

"Kilichotoka ni kinene zaidi kwa milimita mbili," akasema taratibu. "Umeweka pini nyembamba kwenye tundu kubwa."

Nati ilikaza kwa sababu ilifika mwisho wa nyuzi, siyo kwa sababu pini ilikaa. Safari hii watengenezaji walikuwa wamebadilisha kila kitu chini na kuuacha uso vilevile, na mimi, mimi mwenye maandishi mekundu mlangoni, nikaangalia uso. Ile pini ingecheza, ingecheza, halafu kwenye kona mojawapo ya mlima gurudumu lingelala.

Nilimpigia mkunga mara tisa. Hapokei simu akiendesha, na mwaka jana alinigombeza mimi kwa kupokea. Tukarusha jeki na boksi nyuma ya pikapu, binti akashika usukani.

"Ungeniambia tu goti linakuuma," akasema tulipotoka mjini. "Ningelala mimi."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Baba Mkubwa."

Nilikuwa nahesabu kona za ule mlima kichwani, na kila kona nilimwona mkunga.

Tulilikuta gari kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mlima. Mwenyewe amekaa kwenye benchi, amevua viatu, anakula karanga.

"Kumbe mmekuja!" akasema. "Usukani ulianza kunivuta, nikaona niende chooni kwanza nifikirie vizuri. Namngoja fundi wa hapa, wanasema amekwenda kula."

"Mama, kosa ni langu. Nilifunga bila kuangalia chini."

Akaacha kutafuna. "Ningepanda mlima?"

"Usingefika."

Akavaa viatu, kimoja kimoja. "Utalitengeneza," akasema mwishowe. "Na usiniambie tena kwamba nimeuziwa jina."

Binti akatandika boksi, nikamwondoa kwa mkono. Nikalala mwenyewe. Nati ilikuwa imeshalegea na pini inacheza ndani ya tundu lake. Nikapima kila kitu, mikono, matundu, fremu, nikavitaja vipimo kwa sauti na yeye akaviandika kwenye kiganja. Nilipomaliza sikuweza kuinuka. Binti na mkunga wakaninyanyua, kila mmoja kwapa moja.

"Haya, sukuma, fundi, sukuma!" mkunga akasema, na wale wa kituo cha mafuta wakacheka mpaka wakashika pampu.

Mjukuu hangengoja gari litengenezwe. Tukakubaliana binti ampeleke mkunga kwa pikapu, mimi nilinde gari. Walipokuwa wanapakia mizigo nikaanza kufungua vifungo vya ovaroli.

"Unafanya nini?" binti akauliza.

"Sheria."

"Vaa, Baba Mkubwa. Fulana yako ina matundu."

"Nilimfukuza baba yako kwa jambo hilihili."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne mmoja wetu kumtaja. Alifunga mlango wa pikapu, akabaki ameegemea dirisha.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Basi mpigie. Mwambie na mimi nimefanya."

"Mpigie mwenyewe. Namba yake ni ileile."

Wakaondoka. Nikakaa kwenye benchi la mkunga, kati ya maganda ya karanga, nimeshika simu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Nikapiga.

"Nani amekufa?" mdogo wangu akauliza.

"Hakuna. Nimefunga boljointi bila kulala chini. Gari la mkunga."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Mkunga mzima?"

"Mzima."

"Na wewe, kaka? Umeumia?"

Siku ile ya ukuta wa shule yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alirudi gereji kwa miguu, anachechemea, damu kwenye nyusi, na swali nililomuuliza mimi lilikuwa juu ya breki.

"Goti," nikasema.

"Nielekeze ulipo," akasema. "Na usilale chini mpaka nifike."