Spika Kubwa ya Juvenali

Juvenali alikuwa fundi redio wa Kasulo, na picha mbaya ilimuuma kama jino bovu. Wakimbizi walipovuka mpaka na kujaa kambi ya Benaco mwaka wa tisini na nne, yeye na dada yake mkubwa, Eufrazia, walijenga kibanda cha video kando ya barabara ya kambini: kuta za fito na udongo, paa la turubai, mlango mmoja. Ng'ambo ya barabara Desderius naye alikuwa na kibanda, lakini kaseti zake zilikuwa nakala ya nakala. Watu wa ndani ya picha walionekana kama wamesimama kwenye mvua ya mawe, na wakisema neno ungedhani wamefungwa ndani ya debe. Juvenali hakuweza kuishi na aibu hiyo. Kila asubuhi alifungua deki yake, akasafisha kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba na spiriti, akarekebisha mpaka mstari wa mwisho ukatoweka kwenye kioo.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipoanza, dereva wa shirika moja la misaada aitwaye Idefonsi alimletea kaseti iliyoachwa na daktari Mzungu aliyerudi kwao. Lilikuwa onesho la muziki wa roki lililopigwa uwanjani, mbele ya watu wengi kuliko kambi nzima. Na haikuwa nakala. Ilikuwa kaseti yenyewe ya dukani, ndani ya ganda lake.

Juvenali aliitazama peke yake, mlango umefungwa. Aliona nyuzi za gitaa zikitetemeka moja moja. Aliona jasho likishuka shingoni mwa mpiga ngoma, tone likaning'inia kidevuni, likaanguka. Kila mguu wa yule mpiga ngoma ulipokanyaga, alisikia pigo tumboni mwake kabla ya kulisikia masikioni. Mwisho wa onesho moto ulilipuka pande zote za jukwaa, mlipuko baada ya mlipuko, na uwanja mzima ukapiga kelele.

"Spika hizi zangu zinaudhalilisha muziki huu," alimwambia Eufrazia. Akaenda mpaka Biharamulo, akarudi na spika kubwa iliyotolewa kwenye ukumbi wa dansi uliokufa. Akaitengenezea sanduku la mbao za mninga, siku nne akipiga randa.

Siku ya pili ya kazi hiyo, Jumanne, mtu asiyejulikana alirusha guruneti katika soko la kambi. Waliuawa wanne. Eufrazia alikuwa pale akinunua mafuta ya kula. Alirudi nyumbani kanga yake imelowa damu ya mwanamke aliyesimama mbele yake, akaifua mara tatu, kisha akaichoma. Irakoze, kijana mkimbizi aliyechoma mishikaki nje ya kibanda chao, alifiwa na kaka yake katika mlipuko huo.

Ijumaa, kabla ya kufungua mlango, Eufrazia alisimama mbele ya mdogo wake. "Ile sehemu ya mwisho ikate. Au punguza sauti. Watu hawa wametoka vitani, Juvenali."

"Dada, wote wanajua ni muziki."

"Mimi ninajua ni muziki, na jana ulipoijaribu nilijikuta chini ya kitanda."

"Muziki huu ukiupunguza umeuua. Afadhali nisiuonyeshe."

"Basi usiuonyeshe."

Aliuonyesha.

Mchana huo watu walijaa mpaka wengine wakakaa mapajani mwa wenzao. Mbele kabisa, chini ya kioo, alikaa mzee Nyandwi, fundi cherehani mkimbizi kutoka Kibungo, aliyewashonea turubai la paa bila kudai kitu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeambiwa hata mimi nitaona."

Akaona. Saa nzima mzee alipiga goti lake kwa kiganja. Watu hawakujua neno hata moja la nyimbo zile, lakini walikuwa wamesimama, wanaruka, vumbi linapanda, na spika inasukuma hewa mpaka turubai linavimba juu ya vichwa vyao. Juvenali, nyuma ya meza yake ya pembeni, alitazama nyuso zao na akajiona mtu mkubwa.

Kisha moto ukalipuka jukwaani.

Mlipuko wa kwanza ulikata kelele zote. Wa pili ulipopiga, mwanamke mkimbizi akapiga yowe la guruneti kwa lugha yake, "Gerenade!" na watu mia mbili wakageukia mlango mmoja.

Walikwenda kama ng'ombe wanaokimbia simba. Mabenchi yalivunjika chini ya miguu yao. Mtu alimkanyaga mtu usoni, akateleza, naye akakanyagwa. Mlangoni walikwama, wakarundikana hadi kufikia kizingiti cha juu, mikono ikitoka nje bila miili. Waliobaki ndani walizitupia kuta mabega yao mpaka ukuta wa barabarani ukaangukia waliokuwa chini yake. Na spika iliendelea kulipua. Tatu. Nne. Tano.

Waya wa umeme ulikuwa kando ya goti la Juvenali. Kuuvuta tu, yote yangenyamaza. Badala yake aliinamia deki, akaifunika kwa kifua na mikono yote miwili, isije ikakanyagwa. Hivyo ndivyo alivyofanya. Milipuko saba ilipita akiwa ameikumbatia, ndipo akaukumbuka waya.

Kimya kilipoingia, mzee Nyandwi alikuwa amelala mahali alipokaa, kichwa kimegeuka upande usio wake. Mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani. Juvenali alimshika bega. "Mzee. Mzee wangu." Damu ilitoka sikioni, nyembamba, ikaishia udongoni.

Hakupata nafasi ya kumfumba macho. Mikono ilimvuta kwa nyuma, ikamtoa nje juu ya fito na udongo wa ukuta ulioanguka.

"Ni huyu! Ametutegea bomu!"

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, akameza jino. Walimpiga kwa miguu ya mabenchi, kwa mawe, kwa mateke. Mmoja alimvunjia chupa kichwani. Irakoze alikuja na mpini wa jembe, machozi yakimtoka, akipiga na kuita jina la kaka yake kila anapopiga. Juvenali aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, akausikia mfupa ukikatika. Eufrazia alijitupa juu yake, nao wakampiga pia, mpaka kitambaa chake cha kichwani kikawa chekundu.

Aliyewasimamisha alikuwa Shibuda, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe zake. Alikuwa amekuja mnada wa ng'ombe siku hiyo, akaingia kutazama. Sikio lake lilikuwa limechanika mlangoni. Aliweka fimbo yake ya kuchungia ikikatiza juu ya wale wawili.

"Bomu gani halina shimo?" alinguruma. "Nionyesheni shimo. Nionyesheni moshi. Aliyekatwa na chuma ni nani hapa?"

Watu walitazamana. Walioumia walikuwa wamekanyagwa; hakuna aliyepasuliwa na chuma.

"Mlipuko nimeusikia mimi mwenyewe," Irakoze alisema.

"Na mimi. Umetoka kwenye lile sanduku." Shibuda akamtazama Juvenali. "Washa."

Alirudisha kaseti nyuma, akawasha kwa mkono wa kushoto. Kioo cha televisheni kilikuwa kimepasuka, lakini deki ilikuwa nzima. Mlipuko wa kwanza ulipotoka, watu wazima wenye mawe mikononi walijitupa chini barabarani, wote, Shibuda pamoja nao. Kisha wakanyanyuka mmoja mmoja, wakajifuta matope, hawatazamani usoni.

Irakoze alimkaribia Juvenali, akachuchumaa. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulijua kwamba itatoka hivyo?"

Angeweza kukataa. Hata Eufrazia alimtazama kama anayemwomba akatae.

"Nilijua. Dada yangu aliniambia."

Irakoze alisimama. Aliingia kwenye kile kilichobaki cha kibanda, akaipasua spika kwa mpini wa jembe mpaka mbao za mninga zikawa kuni. Kisha akarudi, akaukanyaga ule mkono uliovunjika, vidole vyake vyote, na hakuna aliyemzuia. Shibuda alikuwa amegeuza uso.

Mke wa Nyandwi, Kanyange, alifika jioni. Hakulia. Alimfunga mumewe taya kwa kitambaa, kisha akasema kwa lugha yao, ambayo Wahangaza kama Juvenali wanaielewa, "Nani atanisaidia kubeba?" Juvenali alikamata upande wa miguu kwa mkono wake mzima.

Waliokufa walikuwa watatu. Polisi walimweka Juvenali ndani Ngara wiki tano, wakamwachia. Vidole viliunga vikiwa vimepinda, na tangu hapo hakuweza tena kushika bisibisi. Alirudia jembe. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Kanyange na mkungu wa ndizi au mzigo wa kuni. Miezi ya mwanzo alikuta pazia la mlango limeshushwa, akauacha mzigo nje. Mwaka wa pili pazia lilikuwa wazi. Kanyange hakuwahi kusema kwamba amesamehe, na Juvenali hakuwahi kuuliza.

Desemba ya tisini na sita wakimbizi waliamriwa kurudi kwao. Barabara ya kwenda mpakani Rusumo ilijaa magodoro, baiskeli, watoto, na askari kila kona. Juvenali alimtafuta Kanyange kutwa nzima katika umati ule, akamkuta anasukuma mkokoteni wenye cherehani ya mumewe, gurudumu limekwama matopeni. Aliingiza bega lake chini ya mkokoteni, akaunyanyua.

Walisukuma pamoja mpaka mahali ambapo askari walimwambia Juvenali kwamba Mtanzania haendi zaidi ya hapo. Kanyange alishika mpini peke yake.

"Kaburi lake likiota majani utayang'oa?" aliuliza.

"Nitayang'oa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye msafara unaoshuka darajani. Juvenali alisimama mvuani mpaka asiweze tena kuitofautisha kanga yake na nyingine, ndipo akageuka kuanza safari ndefu ya kurudi Kasulo.