Pete ya Mti wa Kahawa

…tundu kwanza, umbo baadaye, ukianza kuchonga umbo ndipo utoboe, mti unakupasukia mkononi, basi zungusha keke polepole, Léopold, polepole, wanawake wawili wamekaa kwenye viti vya mteja ambavyo hata vanishi havijapata, shangazi amekaa kwa mapana yake yote, yeye amekaa ukingoni tu kama mtu anayengoja kuitwa ofisini, na mimi mjinga, walipotokea mlangoni, moyo uliruka, nilidhani amekuja kuniona, nikafuta kiti kwa mkono wa shati, karibu Léonie, nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanifurahisha, miezi minane sijapata kulisema jina hilo mbele yake, na shangazi akanikata, "Léonie iko nani tena, fundi? Ile majina ya wazungu iliisha mwezi ya kwanza. Huyu ni citoyenne Nyiransengimana, bibi-arusi ya samedi, ya kesho kutwa. Tunakuya kufanyisha pete," na mimi nimesimama, kitambaa mkononi, Nyiransengimana, Nyiransengimana, nimelisikia wapi jina hili… na hapo ndipo nikakumbuka, kanisani, nimelisikia kanisani, Jumapili tatu mfululizo, kwenye matangazo ya ndoa, na nilicheka, Mungu wangu, nililicheka.

Usisukume sana, keke inakwenda kando, rudisha, hivyo, unga mweupe wa mti unaanguka juu ya kiatu, shangazi anasema sijui nini juu ya mahema, mahema mawili yanatoka kwa wajomba huko Rutshuru, ndiyo mama, nasema, ndiyo, na kichwa kiko kanisani, padri mzungu, mzee, ameshika karatasi karibu na pua, amekatazwa na serikali kutaja majina ya ubatizo, wakimkamata analitaja jina la Joseph atalala jela, basi anayasoma haya mapya yetu kama mtu aliyepata mawe kwenye mchele, na watu wanajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo wanacheka, kwa maana hakuna anayemjua anayetangazwa, umekaa miaka kumi jirani na mtu unamwita Albert, leo anatangazwa kwa jina la babu yake unauliza huyu katoka wapi, "Twagirayezu, na Nyiransengimana, binti wa Hategekimana," na Kataliko mwashi aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Masikini, bwana akimuita akule, chakula itapoa mbele amalize jina," na mimi nikatia ngumi mdomoni kuzuia kicheko, na padri akauliza kama kuna anayejua kizuizi, kanisa likanyamaza, nami nikanyamaza kama wengine, nikiwaza mbao zangu za Sake kama zitafika Jumatatu. Hategekimana, ningejuaje, baba yake mji mzima unamwita Papa Laurent, Papa Laurent wa Munigi, Papa Laurent wa ng'ombe, sijawahi kusikia mtu akimwita vingine, na wale Hategekimana katika watu wao ni wengi kama mawe ya Munigi, utaanza kumuuliza yupi.

Lakini yeye angeweza kuniambia, hilo ndilo linalonichoma, wauza maziwa wa Munigi wanapita mlango huu kila asubuhi na vibuyu vyao kichwani, neno moja tu, mwambieni Léopold nyumbani wananioza, ingemgharimu nini, lakini hapana, amenyamaza, amepimwa gauni, amekula wali wa wachumba, na sasa anakuja mwenyewe na miguu yake anipe kidole nimpimie pete ya mwanamume mwingine, na nilimpimia, nilizungusha uzi kwenye kidole kile na hakukivuta, kilikuwa cha baridi, alikuwa ananitazama usoni na mimi nilikuwa natazama uzi… tundu limetoka upande wa pili, safi, sasa tupa ndogo ya duara, panua, geuza, panua, "bwana-arusi alitaka ya or, ya dhahabu," shangazi anasema, "anaweza kuiagiza mpaka Bujumbura, iko na kazi ku bureau kule Himbi, nyumba iko na robinet ya mayi ndani, ndani, fundi, si inje! Ni huyu ndiye alikatala. Alisema anataka ya mti tu, paka ya mti. Na paka kwa huyu fundi. Twagirayezu akafurahi, akasema iko authentique, kitu ya kwetu, shefu yake ataipenda," na anacheka, Twagirayezu ndiye yule Florent mwenye suti ya abakosti ya kijivu, nimempigia kabati mwaka jana, alinisifu misumari haionekani, basi ona, ni yeye Léonie aliyetaka ya mti, paka kwa huyu fundi, amekuja kunisimanga, amekuja kuniona nikila matapishi yangu, kwa maana pete ya mti nani aliitaja kwanza kama si mimi.

Na mkono huu nao ni wa kulaaniwa, ningechukua kipande chochote cha mbao ya muvula kilichoanguka chini, wasingejua, lakini mkono ukaenda chini ya benchi, kwenye kitambaa, ukatoa kisiki cha kahawa nilichokitoa shambani kwa mama yangu kule Kalehe, kimevuka ziwa ndani ya sanduku langu, kimekauka miaka miwili kizani kwa ajili ya kidole hicho hicho, na alipokiona alivuta pumzi, nilimsikia, basi ajue. Miaka miwili! Nilibeba chungu cha kasiksi cha posa kutoka hapa hadi Munigi, pombe ya ndizi yenyewe, si ile ya kuongeza maji, jua la saa nane juu ya mawe meusi yale, Papa Laurent akanywa na majirani wawili mashahidi, akafuta mdomo, akasema, "Nimekunywa. Sasa lete bazee yako. Mbele ya ile siku mguu yako isionekane tena ku parcelle yangu," nami nikaenda Kalehe, na wazee wakaniuliza, Cirimwami kaka yako ameoa? Hajaoa. Basi mdogo hatangulii mkubwa, kaa utulie, na Cirimwami anaoa lini, Cirimwami yuko kwenye mpira, Cirimwami yuko kwenye pombe, Cirimwami ameona msichana Katana, hapana amemwacha, nami nimetulia, ni heshima, mguu wangu haukuonekana Munigi, mwanzoni tulionana ziwani kwa kujificha, halafu tangu wakati fulani hata hilo likaisha, kanisani tu, yeye upande wa wanawake, mimi upande wa wanaume, namwona kitambaa cha kichwa, namsalimu kwa macho, natosheka, mvumilivu hula mbivu, walisema, na mbivu zimekwenda kuliwa Himbi kwenye nyumba yenye robinet ndani.

Haya, tundu limefika kipimo, upande wa nje sasa, kata pembe, kata pembe tena, sasa duara, tupa kubwa, na hapa ndipo siri ya pete ya mti ilipo, ina sehemu mbili dhaifu, pande mbili zinazotazamana, pale nyuzi za mti zinapokatwa fupi, fundi mwenye nia njema anaacha unene pale, na fundi mwenye nia nyingine… anapitisha tupa mara tano zaidi, mara sita, hakuna jicho litakaloona, itavaliwa Jumamosi, itapigwa picha, shefu ataipenda, na siku moja atakamua nguo kwenye ile robinet yao na itakatika, tik, vipande viwili ndani ya maji ya sabuni, naye atajua, si lazima mtu yeyote mwingine ajue, mara nne, mara tano, nasikia utamu mbaya kifuani, sikujua niko na moyo huu, mara sita, na barabarani lori limepiga honi, viazi vya Kibumba, shangazi anainuka, "Ngoya niangalie bei, nakuya sasa hivi," kiti kinalia, anatoka, na chumba kimebaki na sisi wawili na sauti ya tupa.

Asiseme kitu, naomba asiseme kitu, nikisikia ananiomba radhi nitatupa hii takataka barabarani, anasema, sauti ya chini, hainuki kitini, "Dimanche tatu, Léopold," nami tupa haisimami, Jumapili tatu za nini, "dimanche tatu nilikuwa nakuangalia. Padri aliuliza nani iko na neno. Nilikuwa nakungoya usimame," na tupa imesimama, "papa nilimuambia, ulikunywa pombe ya Léopold, Léopold atasimama mbele ya batu, na padri ataisikiliza. Papa akasema, tutaona. Akasema, kama anasimama, nitarudisha ngombe ya bale batu. Dimanche ya kwanza ulinyamaza. Nikasema labda haya imemushika. Ya pili… ya pili ulikuwa unacheka. Weye na ule mwashi. Nilikuona," na mimi nataka kusema hapana, hapana Léonie, sikucheka wewe, nilicheka jina, sikujua ni wewe, hilo ndilo la kusema, liseme, maneno manne tu, sikujua jina ni lako, kila kitu bado kinaweza kugeuka, leo ni Alhamisi, padri yuko nyumbani kwake, Papa Laurent amesema mwenyewe tutaona, kumbe hakuja kunisimanga, kumbe alikataa dhahabu ili apate njia ya kuingia mlango huu, amengoja Jumapili tatu na nafasi ya nne ameileta mwenyewe mpaka kwenye benchi langu, na mimi nimekuwa nikimtilia tupa mahali pa kuvunjika, sema, mpumbavu, sema sasa, na mlango umeingia giza la mwili wa shangazi, amerudi, viazi ni ghali, wezi hao, anakaa, kiti kinalia, anajipepea na ukingo wa kitenge.

Bado nitasema, nitasema mbele yake, na iwe liwalo, nimeinua kichwa, na shangazi ananiuliza, "Fundi, na weye jina yako mupya iko nani? Batu batauliza nani alitengeneza hii pete, siwezi kuwaambia paka fundi," nami najivuta nimjibu, mjini humu wananijua Léopold, la nyumbani sijampa hata Kataliko, na kabla sijafungua mdomo Léonie amejibu, anatazama chini, anasema, "Ni Bagalwa. Babu yake ndiye alimuita vile. Bagalwa, mutoto ya pili, mudogo ya Cirimwami, ba kule Kalehe," na shangazi anageuka mzima mzima, "Weye unajua namna gani?" na yeye anasema, "Niliuliza."

Aliuliza… ndiyo, aliuliza, mwaka ule wa kwanza, tumekaa kwenye mawe ziwani, tuna mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, akasema, ku nyumba banakuitaka nani, nami nikafurahi kuulizwa, nikaeleza, nikaeleza jua likazama, babu, na baba wa babu, na ndoto aliyoiota usiku niliozaliwa, na nilipomaliza yeye akanitazama, alikuwa amegeuza uso kabisa kwangu, anangoja kitu, naona sasa alivyokuwa anangoja, na mimi nikamuuliza kama kuna hindi jingine limebaki. Miaka mitano tumejuana. Nilipima kidole chake kwa macho tangu siku hiyo, nilijua anavaa kiatu namba gani, nilijua anapenda hindi gumu, na jina alilopewa na baba yake nililisikia kwanza kwa mzungu asiyeweza kulitamka, nikalicheka, sasa nimwambie nini, nimwambie sikujua ni wewe, hilo ndilo neno langu la kujitetea, hilo ndilo ningelisimama nalo kanisani, ni aibu kubwa kuliko kunyamaza, akinisikia atajua kwamba amengoja mtu ambaye hajawahi kumuuliza lolote, na uchungu wote niliokuwa nikimtilia tangu asubuhi umenigeukia mimi, unanikwangua kifuani, na ninastahili. Pete iko mkononi, nyepesi, upande mmoja umekuwa mwembamba kama ukucha, mti ukishaondoka hauongezwi, siwezi kumvalisha hii, hata akivalishwa na Florent siwezi, naigeuza mwangani, naona mwanga unataka kupita, "Hii imeharibika, mama," namwambia shangazi, siwezi kumtazama yule mwingine, "nitakata ingine, kisiki bado iko," na shangazi anasonya, samedi ni kesho kutwa, fundi gani huyu anaharibu mbele ya batu, nami nimeshika msumeno, nimeweka kisiki kwenye jiriwa, nimekaza, "mungoye kidogo," nasema, na neno likishatoka ndipo nasikia kwamba katika miaka yote hii sikuwahi kumpa lingine, na yeye anavuta kitenge magotini, anakunja mikono juu yake, anangoja.