Bega la Kushoto

Lisemwalo lipo, na fundi cherehani ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu hakuwa na nia njema. Mtu mzima unakusanya wasichana wenye mimba sebuleni, unashusha mapazia, unaita kikundi cha kusaidiana! Wa nini hao watoto wa wenzako?

"Wangu akikanyaga pale, kwangu asirudi," alitangaza kibarazani. Binti yake alikuwa kando, anakunja vitambaa.

Siku moja mkunga akamletea fundi vitambaa na kamba zenye mafundo. "Nishonee magauni mapana."

"Wenyewe wako wapi?"

"Hawataki kuonekana. Nimewapima kwa kamba. Hili fundo kifua, hili kiuno, haya mabega."

"Dada, mimi nashona watu, sishoni kamba."

Lakini kazi aliichukua, apate kunusa. Kila kamba aliikisia mwenyewe. Huyu mfupi si wa muuza mkaa? Na huyu mwenye kifua? Umbea una raha yake, usidanganywe.

Kamba ya mwisho ilimkatisha kicheko. Bega la kushoto lilikuwa fupi kuliko la kulia. Alijisemea mkunga kakosea, akapima upya. Kisha akaanua shati la shule la bintiye, aliyevunjika mfupa wa mtulinga wa kushoto utotoni, ambaye kila nguo yake huitilia sponji begani hapo. Akalaza kamba juu yake. Ikakaa sawasawa.

Ndipo alipokumbuka sweta la kila siku kwenye joto, na masomo ya ziada ya Jumamosi. Nyani haoni kundule. Alilia kwa hasira, kisha kwa aibu, maana mtoto alikuwa amempelekea jirani siri iliyopaswa kuletwa kwa mama yake.

Jumamosi alibisha hodi. Sauti ndani zikakatika. Mkunga akafungua mlango kidogo.

"Umekuja kupeleleza?"

"Nimekuja kujaribisha."

Binti alipomwona alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, nitahama leo leo. Usipige kelele tu."

 Fundi alimvisha gauni, pini mdomoni. Binti alimkodolea macho kwa mashaka, akisubiri kofi.

"Simama wima," mama alisema, akitoa pini ya mwisho. "Nimeacha kitambaa cha akiba pembeni. Tumbo likikua, nitakufumulia mshono. Nyumbani."