Maboksi Mia Mbili na Arobaini Bila Jina

Prudencia alikuwa na kazi ndogo yenye jina kubwa: mkaguzi wa ubora. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga pale Mkolani, na meza yake ilikuwa mlango kabla haijapandishwa cheo. Hapo yalipangwa maboksi ya kujifunzia elektroniki: waya, taa ndogo nyekundu, spika, chipu na nyumba ya betri. Mwanafunzi akipokea boksi lake, anafuata masomo ya Mwalimu Kashaija mtandaoni mpaka anaunda redio yake.

Watu mia mbili na arobaini walichanga pesa mtandaoni, kila mmoja kwa boksi lake, hata boksi la kwanza halijazaliwa. Kashaija, kwa furaha ya siku ile, akawaahidi kadi ndani ya kila boksi, yenye jina la mkaguzi kwa mwandiko wake mwenyewe. Jina likawa la Prudencia.

"Mhaya haandiki jina lake penye aibu," Prudencia alipenda kusema.

"Mhaya anaandika jina lake popote penye nafasi," alimjibu Pius, Msukuma wa Magu, aliyekuwa akikagua pamoja naye.

Asubuhi hiyo bajaji ilishafika mlangoni, mizigo iwahi mabasi ya stendi ya Buzuruga. Wachangiaji walikuwa wamesubiri miezi mitatu zaidi ya ahadi, na matusi yao yalikuwa yanaiva. Kashaija akaona awapooze kwa video: Prudencia afungue boksi moja, afuate somo la kwanza neno kwa neno.

Waya mwekundu kwenye chanya. Mweusi kwenye hasi. Taa ikanuna.

"Igeuze," Kashaija akasema nyuma ya simu.

Akaigeuza. Ikawaka.

"Safi. Tunarudia."

"Mwalimu, kwa nini nimeigeuza?"

Prudencia akaitazama nyumba ya betri: waya mwekundu umelehemiwa upande wa hasi. Akafungua boksi la pili, la tatu, la kumi. Yote vilevile.

"Pius, wewe taa ikigoma unafanyaje?"

"Naigeuza. Mkono wenyewe unajua."

Hata wake ulijua. Wiki mbili nzima mikono yao hodari ilikuwa inaficha kosa, nao wakijisifu kwa kasi. Sasa taa huvumilia kugeuzwa, lakini chipu ya somo la saba haina uvumilivu huo. Ukiilisha umeme kinyume, inaungua.

"Tutawatumia ujumbe, wabadilishe waya wenyewe," Kashaija alisema.

"Tuwafundishe nyekundu ni chanya, halafu tuwaambie tulikuwa tunatania? Mtoto wa watu Sengerema chipu itamfia mkononi, aamini yeye ndiye mjinga. Halafu asome kadi: imekaguliwa na Prudencia."

"Funga boksi, binti. Bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe, Mwalimu. Maboksi ni yako, yapeleke. Kadi ni zangu."

Akaanza kuzichomoa. Boksi baada ya boksi, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Pius alitaka kucheka, akaona uso wa bosi, akaahirisha.

"Nitakufukuza kazi."

"Sawa, Mwalimu. Ngoja nimalize safu hii."

"Nitaandika jina langu mimi."

Prudencia akamsogezea kadi tupu na kalamu, kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kashaija akaandika, "Imekaguliwa na," kisha akasita. Akautazama ule waya mwekundu. Kalamu ikabaki hewani.

"Wino umeisha?" Pius akauliza.

"Nyamaza."

Aliiweka kalamu chini, akatoka nje. Wakamsikia akimwambia Nkwabi wa bajaji aende tu, leo hakuna safari. Aliporudi alikuwa na kifaa cha kulehemia mkononi na simu inayolia kwa ujumbe. Mchangiaji mmoja ameandika: "Matapeli nyie, leo mna sababu gani?"

"Niandike barabara mbovu?" Kashaija aliuliza, sauti imeshuka.

"Naomba simu, Mwalimu."

Prudencia akaandika: "Yamechelewa kwa sababu nimeyakataa. Tulikosea waya, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokosea. Tunayarudia yote. Usiporidhika, nipigie mimi, Prudencia, mkaguzi, Mkolani." Akaongeza namba yake, akautuma kabla mtu hajaomba kuusoma.

"Umeweka na namba?" Pius akauliza.

"Nimeweka. Wakitukana kwa Kisukuma ndipo nitakupa upokee."